Ushauri: nashika kemia kwa muda shule ya bweni, dharura ikitokea nianzie wapi?

Chaki_Kavu: Habari wakuu. Jumatatu naanza kushika vipindi vya kemia, kidato cha tatu na cha nne, shule ya wasichana ya bweni. Mwenye somo yuko likizo ya uzazi. Nimepewa ratiba na azimio la kazi, basi. Kuhusu moto, tindikali au mtoto kuanguka darasani sijaelezwa chochote. Niulize nini kabla sijaingia?

Kopo_la_Maabara: Uliza funguo, mwalimu. Mlango wa pili wa maabara mara nyingi hupigwa kufuli kwa kuogopa wizi. Usianze praktiko mpaka ufunguliwe. Kisha uoneshwe meinswichi na mtungi wa kuzimia moto. Ule wa unga, mshale uwe kwenye kijani; wa kabonidayoksaidi hauna mshale, soma kadi ya ukaguzi.

Mtungi wa unga wa kilo 6 hauchukui hata nusu dakika kuisha, kwa hiyo ni wa moto mdogo tu. Mlango uwe mgongoni kwako, simama kama mita 2, vuta pini, lenga kitako cha moto wala si ndimi, minya huku ukiyumbisha. Ukiisha na moto bado upo, tokeni wote.

Moto wa spiriti mezani usiumwagie maji kidogo, utausambaza. Funika kwa mchanga au kitambaa kilicholowa. Chanzo chake kikubwa ni kuongeza spiriti kwenye taa ambayo bado inawaka: mchana ule mwali hauonekani vizuri.

Tindikali ikimmwagikia mtu, vua nguo iliyolowa, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20. Usipake magadi eti kuizima, yakikutana yanatoa joto juu ya ngozi. Bomba likiwa kavu, hakuna praktiko bila pipa la maji na jagi karibu.

Bi_Rejista: Hayo sawa, lakini mgeni hukwama kwenye kuhesabu. Kila kipindi andika pembeni ya ubao: waliopo wangapi, nani katoka na kaenda wapi. Piga picha kwa simu, maana ubao hautoki nao. Monita abebe daftari la mahudhurio.

Mkifika paredi ita majina, usihesabu vichwa. Wasichana hukimbilia kwa rafiki zao wa mkondo mwingine, hivyo 42 yako inatimia huku mmoja wako yuko ndani bado. Asiyeitika, usirudi kumtafuta. Waambie zimamoto jina lake na mara ya mwisho alikuwa wapi. Namba yao ni 114; taja shule, kata, kinachoungua na geti ambalo gari kubwa linapita.

Mzee_wa_Kidato: Na wa kifafa, muwekee kijiko asijing'ate ulimi.

Nesi_Mkavu: Hapana mkuu, kijiko kinavunja meno na kuziba njia ya hewa. Ondoa viti, weka sweta chini ya kichwa, tazama saa. Usimkandamize. Degedege likikoma mlaze ubavu. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, hospitali. Chaki, muulize matroni leo nani ana kifafa, pumu au selimundu, na pampu za pumu ziko wapi. Zikiwa zimefungiwa ofisini, hilo ni tatizo tayari.

Chaki_Kavu: Asante sana. Wakianza kuanguka kwa makundi, ile wanayosema mapepo?

Nesi_Mkavu: Kwanza chunguza kama kuna sababu ya kweli: harufu ya kemikali au moshi, kutapika, wote walikula kitu kimoja? Ukiona mojawapo, ni hospitali. Usipoona, hakikisha kila mmoja anapumua vizuri na anaitikia, kisha watenganishe kivulini wasionane. Wanaotazama ndio wanaofuata kuanguka, kwa hiyo waondoe haraka, bila kelele, wapewe kazi. Maombi ya kupaza sauti mbele ya umati yanaongeza idadi. Mwite matroni, mjulishe mkuu wa shule, andika saa na majina.

Bi_Rejista: Na wasirudishwe bweni moja usiku huo.