Yakobo: ni kweli maana yake tapeli?

BabaMtarajiwa_Likoni
Shikamooni wakubwa. Mtoto akizaliwa wa kiume tunataka aitwe Yakobo, jina la babu yake. Shangazi kapinga: eti maana yake ni tapeli, na mtoto hufuata jina. Pia, kwenye cheti niandike Yakobo, Jacob au James? Babu alibatizwa Yakobo, kitambulisho chasema James.

Msomaji wa Torati
Marahaba. Shangazi kashika Mwanzo 27:36 akaiacha 25:26. Pale mwanzo Yakobo anazaliwa kashika kisigino cha pacha wake Esau. Kisigino kwa Kiebrania ni *akev*, ndipo likaja Yaakov, yaani Yakobo. Habari ya hila ni kauli ya Esau, kashapokonywa baraka na hasira zimempanda: analichezea jina la nduguye, kwa kuwa kitenzi cha mzizi uo huo huweza kumaanisha kumzunguka mtu, yaani kumhadaa. Tangu lini maana ya jina ikaulizwa kwa hasimu?

Tena wapo wataalamu wengi wa lugha za Kisemiti (Kiebrania, Kiarabu na jamaa zake) wanaoliona kuwa kifupisho cha Yaakub-El, "Mungu na alinde". Katika Kigeez, lugha ya kale ya Ethiopia, mzizi huo ni kulinda hasa. Na jina la jamii hii limeonekana nje ya Biblia: Misri, enzi za Wahiksosi, watawala wenye asili ya Asia, palikuwa na mtawala Yaqub-Har, jina lake limo kwenye mihuri yenye umbo la dundu.

Mji wa Kale
Kwetu ni Yaakub. Sura ya Hud, aya ya 71, yamtaja Is-haka na baada yake Yaakub, na wengi hulihusisha na maana ya anayefuatia. Ugomvi na Esau haumo katika Kurani, kwa hiyo utapeli hapa hauna mlango.

Mambo ya Vyeti
James ni Yakobo yuyo huyo. Kilatini *Iacobus* kiligeuka *Iacomus*, kikapitia Kifaransa cha kale hadi Uingereza. Biblia ya Kiingereza humwita babu wa makabila ya Israeli Jacob na mwana wa Zebedayo James. Ya Kiswahili yawaita wote Yakobo. Babu yenu hakukosea.

Ila kwa msajili hayo ni majina matatu tofauti. Chagua moja, lisome herufi kwa herufi kwenye fomu ya hospitali kabla hujatia sahihi, maana kosa la hapo huhamia kwenye cheti. Hapa Kenya, sajili ndani ya miezi 6. Kubadili jina kwenye daftari la vizazi ni ndani ya miaka 2 tangu usajili. Ukichelewa, ni wakili, hati ya kubadili jina na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali.