Wenye aleji ya chakula mnaokula nje hapa Dar, tupeane uzoefu

Mtu wa Tandika
Wakuu, salaam. Leo mchana hapa Posta, jamaa niliyekaa naye benchi moja kwa mama lishe alianza kujikuna shingo, mara macho yakavimba, akasukuma sahani: "Mama, umeweka karanga." Mama akamjibu, "Kidogo tu baba, za kukolezea."

Nimerudi kazini hata kazi haiendi, maana hilo jibu nalijua. Mimi karanga nakula, yangu ni ngano. Daktari alinipima akasema ni gluteni, protini iliyo kwenye baadhi ya nafaka: ngano, shayiri na rai ni marufuku maisha yangu yote. Chapati na maandazi unayaona kwa macho, unayapita. Kinachonimaliza ni vya kujificha. Rosti ikiwa nyepesi watu wanakoroga unga wa ngano iwe nzito. Urojo nao uzito wake ni unga wa ngano na ukwaju. Sosi ya soya nyingi zina ngano. Unakula wali nyama kwa roho safi, usiku unaamkia chooni, kesho yake hata kusimama kwenye mwendokasi huwezi.

Wenzangu mnakulaje nje? Tiririkeni.

Dogo wa Makumbusho
Aisee mkuu, hiyo "kidogo tu" ndiyo itatumaliza.

Shangazi wa Ilala
Mie kamba. Nikienda Coco Beach nakula mihogo ya kuchoma tu. Ya kukaanga siigusi, kwa sababu siku moja nilimwona kijana anatoa kamba kwenye karai, anachuja makombo, anatumbukiza mihogo humo humo. Mafuta yale yale! Usiulize "kuna kamba?", uliza "karai hili limekaanga nini leo?"

Mama wa Wawili
Nilikuwa sitaki kuandika ila acha niseme.

Binti yangu mkubwa ana aleji ya karanga tangu mdogo, tuliijulia kwenye uji wa lishe. Mnajua unga wa lishe wa mtaani, ulezi, soya, karanga, vyote vinasagwa pamoja. Tangu hapo nyumbani kwangu karanga haiingii.

Shule zinakaribia kufunguliwa tukaenda Kariakoo kutafuta sare. Jua kali, mtoto ana njaa, tukaingia mgahawa mmoja wa kawaida tu. Nikamuuliza mhudumu, mchicha una karanga? Akasema hauna mama, huu wa nazi. Na kweli ulikuwa wa nazi, mimi mwenyewe niliuonja kwanza. Mtoto akala wali, samaki, mchicha. Hakufika mbali. "Mama, ulimi unawasha." Nikamtazama, midomo imeanza kujaa. Nyuma ya masikio vipele. Akaanza kukohoa kikohozi kikavu, nikimuuliza kitu anajibu kwa sauti iliyokwama, kisha sauti ikakata kabisa.

Nilimbeba kama alivyo. Bajaji ya kwanza ilisimama, Mungu ambariki yule kijana, hakuuliza bei. Foleni mnaijua ya pale mchana. Alipanda pembezoni mwa barabara, anapiga honi, anapiga kelele "mgonjwa! mgonjwa!", wamachinga wanavuta meza zao. Mtoto mapajani kwangu anavuta pumzi kwa mabega, midomo imebadilika rangi. Nilikuwa namwambia nitazame mimi, nitazame mimi.

Hospitali nesi alipomwona tu hakuomba kadi. Alimchoma sindano ya paja juu ya gauni. Baada ya dakika chache akavuta pumzi moja ndefu, akalia. Kile kilio nilikipokea kwa mikono miwili. Walikataa kutuachia mapema, na kweli jioni vipele vilirudi tukiwa bado pale.

Siku nyingine nilirudi kwenye mgahawa kuuliza. Nikasimama karibu na meza ya kupakulia nikaona mwenyewe: upawa mmoja, sufuria mbili. Unatoka kwenye kisamvu cha karanga unaingia kwenye mchicha. Msimamizi akaniambia, "Mbona wengine wanakula hawadhuriki?" Sikuwa na la kumjibu, nikaondoka.

Mtu wa Tandika
Dada pole sana. Hapo kwenye upawa nimeishiwa nguvu.

Dogo wa Makumbusho
Pole mama. Binti anaendeleaje sasa?

Mzee Kibiriti
Poleni, lakini tuambiane ukweli. Mtu kuvimba midomo ghafla sokoni, palipojaa macho ya watu, hiyo si karanga. Mama mtafutie mtoto kinga.

Mama wa Wawili
Mzee wangu nakuheshimu, ila usiniletee hayo. Hospitali walichoma sindano na mwanangu akapumua.

Nesi wa Zamu
Mzee Kibiriti, kwa maneno hayo kuna mzazi atapoteza mtoto njiani akienda kwa mganga. Naomba niseme haya kwa ufupi. Ile sindano ni adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja, na haina mbadala pale koo linapoanza kufunga. Vidonge vya Piriton mnavyobeba vinasaidia muwasho na vipele, havifungui njia ya hewa. Mgonjwa alazwe, miguu iinuliwe, asisimamishwe wala kutembezwa. Kama anashindwa kupumua, akae. Na akishapata nafuu asikimbilie nyumbani, maana hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa kama ilivyomrudia binti wa huyu dada.

Mzee Kibiriti
Sikumkataza hospitali. Ila sisi tulikua na karanga, maziwa, kila kitu, na hakuna aliyevimba. Nendeni kwa Wamasai muone watu wanavyokunywa maziwa. Nyie wa mjini mnadeka.

Mpiga Debe Mstaafu
Hapo kwenye maziwa nakukatalia. Mimi nikinywa juisi ya parachichi iliyopigwa na maziwa bila kuambiwa, kituo cha pili nashuka kutafuta choo. Kuna utafiti ulitoka 2007, walipima watu wa makabila mengi ya Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta jamii za wafugaji zina mabadiliko kwenye vinasaba yanayowafanya waendelee kusaga sukari ya maziwa hata ukubwani. Wengi wetu uwezo huo unapungua tukishakua. Sasa hapo nadeka nini?

Shangazi wa Ilala
Basi kunywa mtindi.

Mpiga Debe Mstaafu
Mtindi nakunywa, bakteria wanakuwa wameshaila sehemu ya ile sukari. Hata biriani yenye mtindi hainisumbui.

Nesi wa Zamu
Kwako sawa. Ila mwenye aleji ya protini ya maziwa asisome hapo akajaribu. Huyo mtindi nao ni sumu kwake, na hiyo biriani aiulizie kabla ya kuagiza. Tumbo kujaa gesi na koo kufunga ni vitu viwili tofauti.

Chuma cha Mwenge
Mama wa Wawili, mpe korosho badala ya karanga, zile zinaota juu ya mti, karanga ni jamii ya maharage. Hazihusiani kabisa.

Nesi wa Zamu
TAFADHALI usimpe kabla hajapimwa. Ni kweli mimea ni tofauti, ila wapo wengi wenye aleji ya vyote viwili.

Chuma cha Mwenge
Nimesema ukweli wa mmea tu, mbona unanifokea?

Nesi wa Zamu
Ulisema "mpe".

Binti Mbagala
Niongezee mishkaki. Wengi wanalainisha nyama kwa papai bichi, ukila huoni papai wala husikii ladha yake. Kaka yangu mpira wa glavu ukimgusa anavimba, na papai hivyo hivyo. Tunauliza mchomaji kabla hajapuliza mkaa.

Dogo wa Makumbusho
Ushauri wangu: usiseme "nina aleji", wanaona unaringa. Sema "mama, nikila karanga naanguka hapa hapa mbele ya wateja wako." Utaona anavyofunua sufuria zote.

Shangazi wa Ilala
Ukimtisha hivyo atakwambia chakula kimeisha. Mzoee mama lishe mmoja, ule kwake kila siku, akujue kama mwanawe.

Mpiga Debe Mstaafu
Au muoe kabisa.

Binti Mbagala
😂 Akishaolewa ataacha karanga?

Mama wa Wawili
Dogo, asante kwa kuuliza, yuko vizuri, ameanza kidato cha kwanza. Tatizo lililobaki ni chakula cha shule. Nimeongea na mpishi ana kwa ana, nikamwomba upawa wa peke yake, nimeufunga utepe mwekundu. Mwenye mtoto wa hivi shule ya kutwa aje inbox, nataka kujua mnafanyaje siku mpishi akibadilishwa.

Mtu wa Tandika
Na mimi bado natafuta pa kula pasipo na unga kwenye mchuzi. Posta au Kariakoo, popote.

Chuma cha Mwenge
Ukifika Mwenge nitafute. Kuna mama anakaanga samaki tu, karai ni la samaki, ugali wa dona, kachumbari, mchuzi hana. Nimemuuliza, samaki hawapaki unga. Wahi kabla ya saa saba, wanaisha.