Mafundi, nani aliwafundisha kuzima swapu kwenye mashine za RAM 4GB? Leo mmemtia mtu hasara ofisini kwangu

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaficha, kwa hiyo nikipayuka mniwie radhi, ila naomba msome hasa nyie mnaofomati kompyuta za watu kwa hela. Kwa wasiojua, swapu ni nafasi kwenye diski ambayo kompyuta inahamishia data ya memori RAM ikijaa.

Mimi nina stationery karibu na chuo, mashine tano za mtumba, RAM 4GB kila moja, diski ngumu (hard disk) zile za kuzunguka za 500GB, zote nimeweka Linux maana virusi vya flashi za wanafunzi vilinichosha. Mwezi uliopita nikaita fundi azifanye upya, 15,000 kila mashine, alipomaliza akaniambia bosi nimekuzimia swapu zote, hiyo ndo ilikuwa inazifanya nzito. Nikaamini, si ndo fundi.

Leo kuna binti anasoma mambo ya ardhi amekaa mashine namba 2 toka saa nne asubuhi anachora mipaka ya viwanja kwenye QGIS, programu ya ramani, juu ya picha ya setilaiti, pembeni kafungua brauza. Saa saba na kitu mashine ikaganda, mshale hausogei, taa ya diski inawaka tu haizimi, kama dakika nne hivi, afu ghafla kila kitu kikarudi isipokuwa QGIS. Akanigeukia, "Kaka, ramani yangu iko wapi?" Sikuwa na jibu. Mnaoijua QGIS mnajua unavyochora ile mistari inakaa kwenye memori mpaka ubonyeze kusevu, na alikuwa hajasevu, masaa matatu yameenda. Najua kuna watu watakuja kusema angesevu. Ndio, angesevu, lakini mashine ikianza kuwa nzito taratibu mtu anashtuka anasevu, hii haikumpa hata huo muda.

Nikakaa mwenyewe. Nikaandika free -h, amri ya kuonyesha memori, mstari wa swapu ni sifuri sifuri sifuri. dmesg, yani kumbukumbu za mfumo, imeandika wazi kwamba memori imeisha na aliyeuliwa ni QGIS. Yani kerneli (kiini cha Linux) ikiishiwa inatafuta anayekula memori kubwa inamuua, na kwenye mashine ya kazi anayekula kubwa mara nyingi ndo huyo huyo mwenye kazi ya mtu. Nikafungua /etc/fstab, faili linaloiambia mashine itumie diski na swapu zipi ikiwaka, mstari wa swapu umewekewa alama ya # mbele, yani usisomwe. Nikaenda mashine zingine nne, zote hivyo hivyo.

Sasa tuelewane. Kwamba diski ngumu ni taratibu, hilo fundi hakulitunga. Diski ya kuzunguka ukiitumatuma huku na huku inakuletea kama vipande 100 kwa sekunde, na ukurasa mmoja wa memori ni 4KB, kwa hiyo unapata kama 400KB kwa sekunde, piga hesabu GB moja ikirudi kwa vipande vipande namna hiyo ni zaidi ya dakika 40. Mtu akiona hivyo lazima aichukie swapu, namwelewa.

Lakini swali langu ni hili: kama swapu ilikuwa imezimwa, ile taa ya diski dakika nne zote ilikuwa inasoma nini?

Hapa ndo wengi mnapotupoteza. Memori ina vitu vya aina mbili, kuna data ambayo programu imeitengeneza yenyewe, mfano mistari ya yule binti, hiyo haina nakala popote kwenye diski, na kuna vitu vilivyosomwa toka kwenye faili, pamoja na kodi (code, yale maelekezo) ya programu zenyewe. Ukizima swapu ile ya kwanza haina pa kwenda hata kama imelala toka asubuhi haijaguswa, kwa hiyo kerneli ikibanwa inatupa ile ya pili kwa sababu inaweza kuisoma tena. Inatupa kodi ya desktopu, ukisogeza mshale inaisoma tena kwenye diski, ili ipate pa kuiweka inatupa kodi ya brauza, brauza nayo inaitaka, wanazungushana hivyo mpaka kerneli inachoka inaua mtu. Kuganda ni kulekule, diski ni ileile, tofauti ni kwamba mwisho wake kazi inapotea. Swapu ingetoa nje vile vilivyolala na kumwachia nafasi anayefanya kazi.

Na hili la kunakili swappiness=10 kila mahali nalo mliache, hiyo ni namba inayoiambia kerneli ipendelee swapu kiasi gani. Kawaida ni 60, ukishusha unaiambia kerneli itupe zaidi kodi na faili kuliko kusogeza data iliyolala, na hizo faili zinasomwa tena toka diski ngumu hiyo hiyo mliyosema ni taratibu! Toka kerneli 5.8 ya mwaka 2020 namba inaenda mpaka 200, haikuwekwa bure. Wengine tena bado mnafuata ile ya swapu mara mbili ya RAM, ya enzi za RAM za megabaiti, mtu ana RAM 16GB anakatiwa patisheni (kipande cha diski) ya 32GB.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna haja ya kukisia. Windows faili yake ya swapu, pagefile.sys, inanenepa na kupungua yenyewe kulingana na kazi, Mac inaongeza faili za swapu yenyewe inapobanwa, mtumiaji hajui hata kama ipo. Memori pepe (virtual memory), yani huu mtindo wa kuazima nafasi nje ya memori kuu, ilikuwepo kwenye kompyuta ya Atlas pale Manchester toka 1962 ikibadilishana na drumu ya sumaku, halafu sisi leo bado tunabishana tuweke 2GB au tuweke sifuri. Kwa Linux kuna kitu kinaitwa swapspace, kwenye Linux kama Ubuntu unaandika tu sudo apt install swapspace, kinakaa nyuma kinaangalia, memori ikielekea kuisha kinatengeneza faili ya swapu, ikitulia kinaifuta diski inarudi kama ilivyokuwa. Na kuna zram, inabana data ndani ya RAM yenyewe bila kugusa diski, mara nyingi kitu cha 2GB kinakaa kwenye nafasi ya GB moja au pungufu, Fedora (aina mojawapo ya Linux) wameiweka kama kawaida yao toka toleo la 33 mwaka 2020. Zote za bure.

Jioni hii nimefanya mashine zote tano, zram ya 2GB kwa kipaumbele cha juu ijae kwanza, nyuma yake swapspace kwenye diski. Namba 2 nimeijaribu na ile ile picha ya setilaiti na brauza kurasa kumi na kitu, imekuwa nzito kweli ila mshale unasogea na QGIS ipo.

Binti anarudi kesho saa mbili asubuhi kuanza upya, nimemwambia halipi mpaka amalize viwanja vyake. Fundi nimempigia mara tatu hajapokea. Kama uko humu bosi wangu, nenda kwa kila mteja uliyemwekea ile # ukaitoe, usisubiri akupigie.

Wenye RAM 2GB mnaotumia zram na swapspace pamoja, mmeseti kiasi gani? Kuna mashine ya kaunta bado sijaigusa.