Sindano ya santuri imeisha, nibadili sindano tu au katriji nzima?

barabara_ya_20 (Tanga)

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya santuri maana hapa nilipo sina wa kumuuliza.

Baba mdogo wangu (Mungu amrehemu) aliniachia mashine ya kupigia santuri, Technics SL-1200MK2, alikuwa akipigia disko mahotelini miaka ya 80, pamoja na masanduku mawili ya santuri. Nyingi ni zile ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) za bendi za hapa kwetu, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kuna LP (zile santuri kubwa) za Franco na za Mbaraka Mwinshehe, na chini kabisa kuna zile nzito za bibi za taarabu ambazo ukiiangusha moja inapasuka kama sahani ya udongo. Kichwani mwa mkono wake kuna katriji (kile kidude kinachobeba sindano) ya Shure M44-7, nadhani haijawahi kuguswa tangu yeye aache kazi.

Tatizo ni hivi: herufi S ikitamkwa inatoka kama mafuta yanakaangwa, na inazidi jinsi mkono unavyokaribia katikati ya santuri, wimbo wa mwisho wa kila upande ndo mbaya kuliko yote. Halafu spika ya kulia inapotea, unagusa mkono inarudi, baada ya dakika mbili imepotea tena. Fundi mmoja hapa mtaani kaniambia katriji imekufa ninunue nzima, na mwingine kaniambia nimpelekee ile sindano aisugue kwa msasa laini itakuwa kama mpya. Katriji nzima nimetajiwa laki mbili na nusu na kwangu hiyo si hela ndogo. Kinachoniuma zaidi ni hizi santuri zenyewe, ukiharibu moja huipati tena popote. Nifanyeje, nitengeneze au nibadili?

---

fundi_wa_spika (Dar)

Mkuu pole kwa msiba na hongera kwa urithi. Kwanza kabisa ACHA KUPIGA santuri yoyote kuanzia leo mpaka tumalizane hapa, na huyo wa msasa usimpelekee kitu. Ile ncha ni almasi, msasa wa dukani hauifanyi chochote zaidi ya kukuvunjia kile kijiti kinachoibeba.

Sasa nielezee, maana watu wengi wanachanganya sindano na katriji. Hiyo Shure ni ya aina ambayo sumaku ndiyo inacheza na koili zimetulia. Ukishika kile kiplastiki cha mbele ukakivuta taratibu kinatoka chote, na ndani yake kuna ncha ya almasi, kijiti, mpira unaokishikilia kijiti, na ile sumaku yenyewe. Yaani kila kitu kinachotembea na kila kitu kinachochakaa kiko kwenye hicho kipande unachokitoa kwa vidole. Kinachobaki nyuma ni koili mbili na pini nne, hazisuguani na chochote. Mwili wa hizo katriji nimekutana nao wa miaka 40 na unafanya kazi vizuri tu. Kwa hiyo mtu akikwambia "katriji imekufa" muulize amepima nini.

S inayokaanga, na inayozidi kule ndani, hiyo ni sindano imeisha. Kule ndani santuri inazunguka mizunguko ileile kwa dakika lakini duara ni dogo, sauti zimebanwa kwenye njia fupi, na ncha iliyopata bapa pande mbili haiwezi tena kufuata zile kona ndogondogo za mfereji. Inachofanya ni kuzikwangua. Ndo maana nimekwambia uache.

Spika ya kulia ni kesi nyingine kabisa, usiiunganishe na sindano. Fanya hivi, haikugharimu kitu. Nyuma ya katriji kuna waya nne, nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Chomoa kwa kibano polepole, hamisha nyeupe iende ilipokuwa nyekundu, bluu ilipokuwa kijani, na za kulia zije kushoto. Utahitaji kupiga santuri dakika chache kujaribu, kwa hiyo tafuta moja usiyoijali. Kama tatizo limehamia spika ya kushoto basi katriji ndo mbovu. Kama limebaki kulia basi katriji yako ni nzima na ubovu uko mbele yake, kwenye kile kichwa kinachofungwa kwa pete, au kwenye mkono, au waya za kwenda kwenye amplifaya. Mi nahisi ni pini za kichwa. Hewa ya chumvi ya huko kwenu inazila.

---

yakhe_kisauni (Mombasa)

Fundi kasema kweli kuhusu waya ila mimi kwenye kununua siko naye. Yakhe, Shure walishaacha kutengeneza katriji na sindano za santuri tangu 2018, sasa hiyo sindano "orijino" utakayouziwa leo ni ama feki au imekaa kwenye stoo miaka na miaka na ule mpira umekakamaa. Mimi yalinikuta. Nilinunua sindano mtandaoni kwa muuzaji mmoja, boksi zuri, maandishi yote yapo, nilipoitia ikawa kijiti kimeinama upande, na santuri mbili zangu zimepata mkwaruzo mpaka leo. Pesa sikurudishiwa.

Ningekuwa wewe ningenunua Audio-Technica ya VM95, ile E ni chini ya dola 100 ikiwa nzima. Uzuri wake ni kwamba mwili ni mmoja na sindano ziko aina sita, zote zinaingia humohumo. Leo unaanza na ya kawaida, ukijaliwa pesa unatia ile ML yenye ncha nyembamba sana. Na hii ML kwa santuri zilizotumika disko ina faida, ile ncha nyembamba inakaa sehemu ya ukuta wa mfereji ambayo sindano nene za zamani hazikuigusa, sehemu ambayo haijaliwa. Nina 45 zilizokuwa zikisikika kama mvua kwenye mabati, sasa zasikilizika.

Na kuna ile SP ya santuri nzito za bibi yako, inakaa mwili huohuo.

---

fundi_wa_spika (Dar)

@yakhe_kisauni nakubali kuhusu feki, na pole sana, lakini kuna jambo umelisahau. Jico wa Japan bado wanatengeneza sindano zinazoingia kwenye M44-7, mpya, mpira mpya, na hawa kazi yao ni sindano tangu karne ya 19 walipoanza na za kushonea. Siyo lazima atafute yenye jina la Shure. Anunue ya Jico kwa muuzaji anayeeleweka, mwili aliachiwa na baba yake mdogo aendelee nao.

Na hizo nzito za bibi, barabara_ya_20 tafadhali usiziweke kwenye hiyo Technics hata kwa kujaribu. MK2 ina 33 na 45 tu, mizunguko 78 haina. Na hata ingekuwa nayo, mfereji wa zile santuri ni mpana, unataka ncha ya kama mil 3 (mil ni sehemu moja ya elfu ya inchi) wakati yako ni 0.7, itakuwa inaburuzika chini kwenye vumbi bila kugusa kuta. Zifute, ziweke wima, zisubiri mashine yake.

---

ukhti_muscat

Assalam alaykum. Mimi ni wa Unguja lakini naishi Muscat mwaka wa thelathini sasa, na santuri ndizo zilizonilea, mamangu alikuwa nazo za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay, hizo za 1928 na kuendelea. Kwa hiyo mwanangu nakuelewa unaposema hazipatikani.

Nimeona nichangie kwa sababu mie niliamua kinyume na mnavyosema na sijuti. Yangu ni Denon DL-103, katriji ya tangu 1962, hii koili ndizo zinazocheza na sumaku imetulia, kwa hiyo sindano haitoki kwa kidole. Ikiisha sindano una njia mbili tu, ama unaipeleka kwa fundi wa Ulaya au Japan akubandikie ncha mpya kwa darubini, ama unanunua nyingine. Nilifanya hesabu. Posta kwenda na kurudi, bima, miezi ya kungoja, na ile ncha mpya iliyo nzuri ingekaribia bei ya katriji mpya. Nikanunua mpya. Lakini kuna katriji za bei kubwa mara tano sita ya hiyo, na hizo mtu akizitupa kwa sababu ya ncha tu amefanya dhambi, hizo zipelekwe zikatengenezwe. Kwa hiyo jawabu inategemea katriji yenyewe. Yako wewe kwa aina yake, sindano tu yatosha.

Jambo jingine, kijana wangu, jifunze kuhesabu saa. Hatukuwa tunahesabu zamani, tulikuwa tunapiga mpaka mtu wa jirani anasema mbona inakoroma. Sindano ya ncha ya mviringo kama yako Audio-Technica wenyewe wanasema kama saa 500, ile ya duaradufu 300, ile ML 1000. Upande mmoja wa LP ni kama dakika 20, basi saa 500 ni pande 1500. Ukisikiliza LP mbili kila siku, mwaka na siku kidogo imekwisha. Sasa hiyo ya marehemu ilipiga disko usiku mzima miaka mingapi? Mie nina daftari kando ya mashine, kila usiku naandika.

---

jazz_moro

swali dogo hapo, hivi mtu anaweza kuiona sindano iliyoisha kwa macho? nina lenzi ya sonara nyumbani

---

fundi_wa_spika (Dar)

Lenzi ya sonara ya mara 10 itakuonyesha uchafu, kijiti kilichopinda na ncha iliyong'oka, basi. Lile bapa lenyewe linataka darubini ya mara 100 kwenda juu na mwanga wa pembeni. Amini masikio. Chukua santuri unayojua ni safi, sikiliza wimbo wa mwisho wa upande, S ikikaanga na sindano umeshaisafisha, ujue. Kusafisha ni brashi laini kutoka nyuma kuja mbele tu, usiende kinyume wala pembeni utakivunja kijiti.

---

barabara_ya_20 (Tanga)

Wakuu nashukuru sana, shikamoo @ukhti_muscat. Nimerudi na majibu. Nimehamisha waya kama fundi alivyosema (mkono ulikuwa unatetemeka, zile waya ni nyembamba balaa), nikapiga LP moja ya kizungu iliyokwaruzika tangu zamani. Tatizo limebaki kulekule kulia. Nikafungua ile pete, nikakuta pini za kichwa zimekuwa nyeusi na kijani, nikazisugua kwa kijiti cha pamba na spiriti, na zile za upande wa mkono pia. Spika ya kulia imekaa saa nzima haijapotea. Kwa hiyo ile laki mbili na nusu ningeilipa bure na tatizo la kulia lingebaki.

Nimerudisha waya sehemu zake. Nimeamua nachukua sindano ya Jico, @yakhe_kisauni ushauri wako wa VM95 nimeuandika, huo nitaufuata nikipata mashine yenye 78 kwa ajili ya zile za bibi. Ikifika naweka uzito gani?

---

fundi_wa_spika (Dar)

Hapo sawa kabisa. M44-7 inabeba gramu 1.5 mpaka 3. Baba mdogo lazima alikuwa anaweka 3 ili isiruke watu wakicheza, wewe uko sebuleni, anza na 2. Mkono uelee kwanza ukiwa umelala sawa hewani, ndipo uzungushe namba iwe sifuri, ndipo uzungushe mpaka 2, na kile kizuia mkono kuvutwa ndani nacho weka 2. Na kwa Technics hiyo, kutoka kwenye raba ya kichwa mpaka kwenye ncha iwe milimita 52, pima kwa rula kabla hujakaza skrubu.

---

barabara_ya_20 (Tanga)

Imefika baada ya wiki tano. Milimita 52, gramu 2. Nimeanza na 45 ya Atomic Jazz ambayo baba mdogo aliandika jina lake kwa kalamu kwenye lebo, S zimetulia, na gitaa la pili ambalo sikuwahi kujua lipo linasikika wazi upande wa kulia. Mama alikuwa jikoni akatoka akasimama mlangoni mpaka ikaisha. Upande wa pili kuna sehemu kama ya sekunde kumi bado inakwaruza, nimeisafisha mara mbili na imebaki vilevile, nadhani hapo sindano ya zamani ilishakula. Daftari nimenunua.