Vipimo vya kujipima VVU: vigawiwe mwaloni au vibaki zahanati?

Mleta mada: Wavuvi wa dagaa huku Kigoma, kwenye mialo (maegesho ya vyombo vya uvuvi) ya Kibirizi hadi Katonga, wanaingia ziwani jioni na taa zao, wanarudi alfajiri. Zahanati ikifunguliwa wao wamelala. Sisi tunawapelekea spika na fulana kila 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, basi. Marekebisho ya 2019 ya Sheria ya UKIMWI ya 2008 yameruhusu kujipima. Vipimo vya ute wa fizi wapewe viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa uvuvi mwaloni, wavigawe. Nani anapinga?

Mchangiaji 1: Mimi. Kiongozi wa BMU mara nyingi ndiye mwenye chombo, au swahiba wake. Kesho atasema "nionyeshe majibu ndipo upande." Sheria ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, lakini kibarua gani atamshtaki tajiri wake?

Mchangiaji 2: Hilo lina dawa: agawe mwelimishaji rika, mvuvi au mama muanika dagaa asiyeajiri mtu. Hofu yangu ni matumizi. Dakika 15 kabla, usile wala usinywe. Pangusa fizi za juu mara moja, za chini mara moja. Wengi wanasugua ulimi. Tumbukiza kwenye kichupa bila kumwaga maji yake. Soma kuanzia dakika ya 20, ikipita ya 40 usisome tena. Mstari wa C peke yake, hasi: huna dalili ya VVU kwenye kipimo. Mistari ya C na T, hata T ikiwa hafifu, nenda zahanati ukathibitishe. C isipotokea, kipimo kimeharibika. Na visianikwe pamoja na dagaa: joto lisizidi nyuzi 30.

Mchangiaji 1: Na aliye kwenye dawa za kufubaza VVU? Ataona hasi, aziache.

Mchangiaji 2: Inatokea. Virusi vikifubaa, kingamwili ambazo kipimo kinazitafuta zinaweza kupungua. Ila usimuulize mtu mbele ya wenzake. Watangazie wote: aliye kwenye dawa, hiki si chake. Aliyejiweka hatarini jana naye hakimfai. Awahi PEP, dawa za kuzuia maambukizi, ndani ya saa 72, ameze siku 28.

Mchangiaji 3: Mnasahau mbalamwezi. Ikikolea, dagaa hawajikusanyi kwenye taa, vyombo vinapumzika, watu wako macho mchana. CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya wenye VVU, ishuke mwaloni siku hizo, na anayehamahama kambi apewe dawa za miezi 3 au 6 kwa mkupuo. Tarehe waulizwe BMU, hiyo kazi wanaiweza.

Mleta mada: Sawa, BMU wabaki na kalenda tu.

Mchangiaji 1: Nakubali nusu. Kila pakiti iandikwe namba ya muuguzi, na ipokelewe usiku. Bila hiyo bado napinga.