Mfadhili akipatikana, mtoto ahamishiwe shule binafsi au abaki ya serikali?

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha, naomba tulijadili hili bila kuumizana. Karibu kila mtaa wetu una mtoto aliyepata mfadhili, na mara nyingi kinachofuata ni kilekile: anatolewa shule ya msingi ya serikali, anapelekwa bweni kwenye shule binafsi ya Kiingereza. Mimi napinga. Abaki alipo, na hela hiyo iondoe yanayomkwamisha yeye na wenzake.

Nashona sare hapa Moshi. Desemba na Januari ndiyo msimu wangu. Mama analeta binti wa darasa la tatu, ananiambia, "Fundi, niachie pindo kubwa, hii sketi ifike la sita." Anauliza bei ya sweta, ananyamaza, anasema atarudi. Harudi. Na baridi ya Juni na Julai huku mnaijua. Mtoto wa Kibosho au Ngaramtoni asiye na sweta anakaa darasani amejikunyata, mikono kwapani, wenzake wanaandika.

Ada siyo kikwazo tena kwenye shule za serikali. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliifuta hadi kidato cha nne, utekelezaji ukaanza Januari 2016, na mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Ruzuku ya serikali imepangwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Mzazi amebaki na sare, viatu, madaftari, nauli na chakula: mahindi, maharage, kuni, hela ya mpishi. Ziko shule ambazo mzazi asipochanga, mtoto wake anatazama wenzake wakila makande. Hayo ni mambo ya maelfu. Bweni binafsi ni mamilioni kila mwaka, kwa mtoto mmoja.

Halafu tujiulize anayepata mfadhili ni nani. Huku kwetu wazungu wengi wanakuja kwa ajili ya mlima na mbuga. Mgeni anapanda Kilimanjaro siku sita, anazoeana na mwongozaji wake, akishuka anaahidi kusomesha mtoto wa mwongozaji. Simwonei wivu mtu, mgumu, yaani mpagazi anayebeba mizigo ya watu mpaka kambi ya Barafu, anastahili kila jema. Lakini yatima anayelelewa na bibi kule Mwanga hatakutana na huyo mgeni hata mara moja.

Na ufadhili unakatika. Mwaka 2020 wageni walipokoma kuja, niliwaona watoto waliorudishwa nyumbani. Mmoja nilikuwa nimempima koti la shule ya Kiingereza, akaja kupimwa kaptula ya serikali akiwa darasa la sita. Hisabati aliyoizoea kwa Kiingereza sasa aifanye kwa Kiswahili, na mtihani wa la saba uko mbele. Mfadhili hakuwa mtu mbaya, aliishiwa. Aliyebeba maumivu ni mtoto. Karibuni mchangie.

Mama wa watoto watatu, mtaa wa Sakina, Arusha: Fundi, kwenye sare uko sawa, ila lugha umeiruka. Mwanangu alifaulu la saba vizuri sana. Kidato cha kwanza akakuta Baiolojia Kiingereza, Jiografia Kiingereza, kila kitu Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono kila saa akawa bubu. Alikuwa anakariri bila kuelewa, ananisomea jioni, nami simsaidii kitu. Nikitokea kupata nafasi moja ya kumvusha wa mwisho, nimwambie mfadhili agawie darasa zima? Siwezi, na mzazi yeyote hapa hawezi.

Mwalimu wa msingi, Usa River: Naunga mkono watoto wabaki, lakini msidhani hela ikimwagwa shuleni basi watajua kusoma. Kuna utafiti uliofanyika katika shule za msingi 350 hapa Tanzania, ukachapishwa 2019. Shule zilizopewa ruzuku ya ziada pekee, alama za watoto hazikupanda. Zilipanda pale ruzuku ilipoambatana na motisha kwa walimu. Kwa hiyo mfadhili anayetaka kusaidia shule ya serikali amkumbuke na anayefundisha. Na kabla ya kuchagua mtoto, atuulize sisi. Tunajua nani anakuja bila kunywa hata uji.

Niliyesomeshwa, Tengeru: Mimi ni mtoto wa ufadhili, kuanzia darasa la pili hadi kidato cha sita, kwa familia moja ya Ujerumani. Niliwaandikia barua, nikawachorea ng'ombe wetu, wakanijua kwa jina. Mzee alipostaafu aliendelea kutuma kwa sababu alinijua mimi. Asingetuma miaka yote hiyo kwa ajili ya sufuria la makande. Na utafiti uliochapishwa 2013, uliofanyika nchi sita zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta waliofadhiliwa wamesoma zaidi kwa mwaka mmoja hadi karibu mwaka na nusu. Hapa Arusha tunayo shule ya St Jude, tangu 2002 inasomesha bure watoto wa familia maskini kwa michango ya wafadhili. Msivunje kinachofanya kazi.

Fundi: Nimewasoma wote. Wa Tengeru, hoja ya jina ni nzito, naikubali: mfadhili amjue mtoto, wapelekeane barua. Lakini kumjua hakulazimu kumhamisha. Huyo mtoto alipiwe sare, chakula, na hosteli akifika sekondari kama shule iko mbali, hasa akiwa binti anayetembea kwa miguu alfajiri. Mama wa Sakina, lugha ni kidonda kweli. Hela ya bweni la mmoja ingelipa mwalimu wa twisheni ya Kiingereza kwa kundi zima la la sita na la saba, na mwanao angeingia kidato cha kwanza akiwa na pa kuanzia. Na hapo yule mwalimu wa Usa River naye angepata chochote.

Sharti langu moja sitaliachia. Anayetaka kumpeleka mtoto shule binafsi aweke kwanza benki hela ya kumfikisha la saba. Akiwa hana, asimtoe.

Tena tusisubiri wageni tu. Uchagani kahawa ndiyo iliyosomesha wengi, na KNCU, ushirika wetu wa wakulima wa kahawa, uliundwa 1933. Watu walisomeshwa na wajomba na baba wadogo, hakuna aliyeandikiwa barua. Desemba ukoo unapokusanyika nyumbani, watu wanachanga kwa ng'ombe na mbege. Kwa nini sweta na mahindi ya watoto wa ukoo visipangwe siku hiyohiyo? Kama kuna ukoo, usharika au jumuiya iliyowahi kulisha watoto wa shule mwaka mzima, tuwekeeni hapa mlichanga kiasi gani kwa kichwa na nani alishika hela.