Sgt. Pepper's: mono ya 1967, stereo ya 1967 au miksi ya 2017, uchukue ipi?

Kibla_ya_Santuri
Wakuu, tuliweke sawa hili. Albamu ya The Beatles, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, inauzwa kwa miksi (namna ya kuchanganya sauti zilizorekodiwa) tatu tofauti kabisa: mono ya 1967 (sauti zote kwenye mkondo mmoja), stereo ya 1967 (mikondo miwili, kushoto na kulia) na miksi mpya ya 2017. Mtu mwenye bajeti ya kununua moja tu, mwenye spika mbili za kawaida na hedifoni, achukue ipi? Naomba sababu za kiufundi, ladha kila mtu ana yake.

FundiTepu
Mono, bila kusita. Mwaka 1967 nyumba nyingi za Uingereza zilikuwa na gramafoni ya spika moja, kwa hiyo prodyuza George Martin na fundi mitambo Geoff Emerick walimalizia nguvu zao kwenye mono, tena wanamuziki wenyewe wakiwepo. Stereo ilifuata harakaharaka, wao hawapo.

Tofauti zinasikika hata kwa sikio lisilozoea. "She's Leaving Home" ya mono ina kasi zaidi, imepanda karibu nusu toni na inaisha kama sekunde 9 mapema. Ile ya stereo inajikokota. Kwenye "Lucy in the Sky with Diamonds" ya mono, sauti ya John Lennon inapindapinda kama inatoka chini ya maji. Hiyo ni mbinu aliyoibuni Ken Townsend, fundi wa studio za EMI, mwaka 1966: sauti ileile inapitishwa kwenye mashine ya pili ya tepu, inacheleweshwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha kasi ya mashine hiyo inachezewa. Kwenye stereo athari hiyo imefifia mno. Na marudio ya wimbo wenye jina la albamu, kuelekea mwisho, mono inakupa kelele za Paul McCartney ambazo stereo imezizika.

Zeze_na_Gitaa
Mkuu FundiTepu, nakubali kuhusu kasi, lakini usiizike stereo. CD ya kwanza ya albamu hii, ya 1987, ilikuwa stereo, na watu wengi duniani wameijua kwa sura hiyo. "A Day in the Life" ya stereo ina kitu ambacho mono haiwezi kukupa: sauti ya Lennon inahama upande hadi upande kadiri beti zinavyokwenda. Ubaya wake uko kwenye hedifoni. Vitu vimesukumwa pembeni kabisa, sikio moja linabeba ala na jingine linabeba sauti, kichwa kinachoka.

Kibla_ya_Santuri
Kwa nini vilisukumwa hivyo?

FundiTepu
Kwa sababu ya traki, yaani njia za kurekodia zilizo sambamba kwenye tepu. Studio za EMI, Abbey Road, zilikuwa na mashine za Studer J37 zenye traki 4 tu. Zikijaa, unazimiksi na kuzihamishia traki 1 au 2 za mashine nyingine, unapata nafasi ya kuendelea. Ukishaunganisha ngoma na besi kwenye traki moja huwezi kuzitenganisha tena. Unachoweza ni kuiweka traki nzima kushoto, kulia au katikati. Na kila uhamisho unaongeza mvumo wa tepu.

Okestra ya wanamuziki 40 ya "A Day in the Life", tarehe 10 Februari 1967, haikuwa na pa kukaa kabisa kwenye tepu. Townsend akaunganisha mashine mbili kwa kurekodi mlio wa hezi 50 kwenye moja ili uendeshe mota ya nyingine. Shida ilikuwa kuzianzisha pamoja: zikipishana kidogo tu, okestra inaingia nje ya mapigo, unarudia.

Hapo ndipo miksi ya 2017 ina hoja nzito. Prodyuza Giles Martin, mwana wa George, na fundi mitambo Sam Okell walirudi kwenye tepu za mwanzo, kabla ya kuhamishwa, wakazipanga upya kwa kompyuta. Ngoma za Ringo Starr zimekaa katikati na besi ina uzito. Giles aliifuata mono kama kielelezo, hata "She's Leaving Home" ameirudishia kasi yake.

Zeze_na_Gitaa
Basi kwa hedifoni, 2017. Hapo sina ubishi.

SindanoSafi
Nyongeza kwa wanaotaka santuri. Kubonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya huku ukicheza stereo hakukupi miksi ya mono. Unajumlisha tu kushoto na kulia: vilivyo katikati vinapanda juu ya vya pembeni, na kasi inabaki ileile. Kitufe hicho kina kazi nyingine nzuri. Ukicheza santuri ya mono kwa sindano ya stereo, kibonyeze. Mono imechongwa kwa mwendo wa pembeni pekee, kwa hiyo mikwaruzo mingi ya juu-chini inafutika.

Kinyume chake ni hatari. Kichwa (kifaa kinachobeba sindano) cha zamani cha mono kisichonesa juu-chini kitaharibu mfereji wa santuri ya stereo. Usijaribu.

Ukinunua kuukuu ya Uingereza, soma namba: PMC 7027 ni mono, PCS 7027 ni stereo. Toleo la mono la 2014 ndilo la kuaminika kwa anayetaka mpya, maana lilichongwa kutoka tepu za analogi bila kupitia dijitali.

Kibla_ya_Santuri
Nimeelewa: 2017 kwa hedifoni, mono ya 2014 kwa santuri. Kuna kipande kimoja cha kupimia mtambo?

SindanoSafi
Mlio wa mwisho wa piano kwenye "A Day in the Life", noti kadhaa zikipigwa kwa pamoja. Mafundi walikuwa wakipandisha vidhibiti kadiri piano zinavyofifia, ndiyo maana unadumu zaidi ya sekunde 40. Kuelekea mwisho unapaswa kusikia kiti kikilia studioni. Usipokisikia, safisha santuri na sindano kwanza kabla ya kulaumu spika.